Mwalimu Sekunde na Mipira Mitatu ya Agosti

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kuwasomea historia hii, si kwa sababu ana sauti nzuri, maana wote mnajua hana, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa wodini, akataka tarehe zitajwe kamili na vipimo visizungushwezungushwe, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mshonaji wa nguo, na tangu utotoni alikuwa na udadisi wa kuchosha watu, alihesabu maji yanachukua muda gani kuchemka, alipima hatua za wageni kwa tepu ya mama, na siku mdogo wake alipoanguka kutoka ukutani hakumuuliza kama ameumia, alimuuliza kama aliiona ardhi ikija.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari, kisha akamaliza chuo cha ualimu mwezi Novemba 1972 katika masomo ya hesabu na fizikia, na huko chuoni ndiko alikoufahamu mchezo wa softiboli, ambao mpira wake ni mkubwa na hurushwa kutoka chini, mkono ukipita kando ya paja, tofauti na besiboli, yenye mpira mdogo unaorushwa kutoka juu ya bega.

Tarehe 8 Januari 1973 aliajiriwa katika sekondari ya wasichana, akafundisha hapo miaka thelathini na minane mpaka alipostaafu mwaka 2011, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Sekunde, kwa kuwa saa ya kupimia mbio haikubanduka shingoni mwake, hata siku ya harusi yake, tarehe 20 Desemba 1975, alipofunga ndoa na askari wa usalama barabarani, na picha zipo, atakayebisha aje nyumbani. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1976, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 19 Mei 1980.

Sasa tunafika mahali ambapo msomaji wenu angependa kuruka ukurasa. Shule ilikuwa na uwanja mmoja, ambapo marehemu aliwafundisha wasichana softiboli, na timu ya besiboli ya kiwanda cha mabati, ambamo mdogo wake marehemu alikuwa mpigaji na mwenye maneno mengi kuliko wote, iliutaka uwanja huo kila Jumamosi, ikidai kwamba softiboli ni mchezo wa kupitisha muda, kwa sababu mpira wa wasichana unakwenda polepole. Marehemu hakukasirika, alitaka kujua. Alimbembeleza mumewe mpaka akaja na mashine ya kupimia mwendo wa magari, wakakaa nyuma ya wavu, wakakuta mpira wa wanaume unakwenda kilomita 125 kwa saa na wa binti yao, mrushaji wa timu ya shule, kilomita 95, wanaume wakacheka, lakini marehemu akatoa tepu, akaonyesha kwamba mrushaji wa besiboli husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na wa softiboli mita 12.2 tu, akagawa umbali kwa mwendo, akapata sekunde 0.53 kwa wanaume na 0.46 kwa wasichana.

Wiki mbili baadaye aliifuta hesabu hiyo mbele ya darasa zima, kwa sababu aliona alama ya kiatu cha binti yake kwenye udongo uliolowa, akagundua amekosea, alikuwa akipima kutoka kwenye kibao anachokanyaga mrushaji wakati mpira hutoka mkononi akiwa ameshapiga hatua mbele, mita mbili kwa binti na mita 1.7 kwa mwanamume, akarekebisha, ikawa 0.39 kwa wasichana na 0.48 kwa wanaume. Kwa maneno mengine, mpigaji wa softiboli alikuwa na muda mfupi zaidi wa kuuona mpira, kuamua na kuzungusha gongo.

Kamati ya michezo ikataka ushahidi wa macho, kwamba mpigaji wa besiboli asimame mbele ya binti yule, na akikosa mipira mitatu uwanja ugawanywe nusu kwa nusu. Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1992, mdogo wake marehemu alisimama, akakosa wa kwanza, wa pili na wa tatu, watu wakapiga kelele, naye akashika jicho, akasema limeingia vumbi. Kamati ikamwamini, uwanja wote ukaenda kwa wanaume. Marehemu, ambaye hakuwahi kuandika jambo lenye shaka, aliipiga mstari mipira hiyo mitatu kwenye daftari lake la vipimo, na wasichana wakafanya mazoezi nyuma ya karakana ya useremala kwa miaka kumi na mmoja, wakiokota misumari kabla ya kuanza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Februari 2024, akalazwa tarehe 27 Mei. Jumanne, tarehe 4 Juni, mdogo wake aliketi kando ya kitanda akamwambia kwamba vumbi halikuwepo, jicho lilikuwa zima, mpira ulimshinda, na aliona aibu kushindwa na mpwa wake wa miaka kumi na mitano. Alitegemea kugombezwa, na angefurahi kugombezwa, lakini marehemu aliomba daftari, akairudisha mipira mitatu, akaandika ‘hakugusa’, kisha akamuuliza kama alianza kuzungusha gongo kabla ya kujua mpira unakwenda wapi, au baada. Mdogo wake alisema amesahau. Marehemu akamwambia basi nenda kasimame tena, halafu uje uniambie.

Jumamosi, tarehe 8 Juni, mdogo wake, akiwa na miaka sitini na saba na goti bovu, alisimama mbele ya mjukuu wa marehemu, ambaye ndiye mrushaji wa shule sasa. Jumapili, tarehe 9 Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, marehemu alifariki, mdogo wake akiwa njiani kuelekea wodini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyekubali kupimwa kasi ya kubadilisha dripu, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, walimu wenzake, na wasichana wote wa karakana, ambao msomaji wenu anawaomba radhi mbele ya jeneza hili.

Dada, nilirushiwa mipira ishirini, nikagusa mmoja, nao ukatoka nje. Jibu la swali lako ni kabla, mara zote nilizozungusha. Kila nilipongoja nijue kwanza, mpira ulikuwa umeshapita. Lala kwa amani, dada yangu, nimechelewa kukuletea.