Tiki Iliyotolewa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wangu alimaliza kazi yake mezani, akabonyeza vitu viwili vitatu, akanisogezea kompyuta na kusema, "Chukua, zamu yako." Nikavuta kiti, nikafungua vipimo vyangu vya mto, naye akaenda kulala. Asubuhi hakuamka.

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha fundi simu, kwenye benchi refu lililotolewa katika ukumbi fulani wa mikutano. Namba za viti bado zinasomeka kwa rangi nyeupe. Kwenye namba ya mwisho, karibu na mlango, hukaa Waya, fundi mwenyewe, ili asikie mteja akiita. Katikati ni Refa, aliyechezesha mpira mpaka goti likamgomea, na hadi leo huhukumu kila kitu kwa sheria za uwanjani. Birika la kahawa liko miguuni pake, juu ya jiko la mkaa, na yeye ndiye mmiminaji, hataki kusaidiwa. Chini ya kibaraza iko cherehani ya Mkasi, mshonaji, ambaye hakai benchini lakini hakuna neno linalompita. Mimi wananiita Kipimo, kwa kuwa kazi yangu ni kupima maji ya mto na kwa kuwa, wanasema, hata salamu yangu ina desimali. Jumapili hiyo alasiri nilifika na kompyuta ya marehemu kwapani.

— Leo umekuja na ofisi kabisa, alisema Waya. Imeharibika?

— Haijaharibika. Ni ya shule aliyokuwa anafundisha. Kesho nairudisha.

— Wameitaka? Hata arobaini ya shemeji haijafika?

— Wameomba kwa adabu. Muhula unaanza, na ratiba ya vipindi hakuna. Mkuu wa shule anasema wataifuta yote, wampe mwalimu mpya, na ratiba ipangwe kwa mkono kama zamani.

Mguu wa Mkasi ukaacha pedali.

— Waifute? Na ile kazi ya wifi yangu humo ndani?

— Amesema nikimwonyesha kwamba inafanya kazi, ataiacha. Nisipomwonyesha kesho, basi.

Refa alinimiminia kahawa bila kuniuliza kama ninataka.

— Hebu tueleze sisi watu wa jukwaani, alisema. Kazi yenyewe ni ipi?

Nikafungua kompyuta juu ya magoti.

— Hii programu ya majedwali kila mtu anaijua. Lakini inakubali kupachikiwa programu nyingine ndogo, za kuipa kazi ambazo haikuzaliwa nazo. Zinaitwa nyongeza. Mke wangu alitengeneza moja. Unaipa walimu, madarasa na vyumba, inakupangia vipindi vya wiki nzima bila watu wawili kugongana.

— Mfuko wa koti, alisema Mkasi. Koti limetoka dukani halina mfuko, mtu akashonea wa kwake.

— Hivyo hivyo, dada. Sasa mfuko siuoni. Kitufe chake hakipo kwenye skrini. Jana nikaandika makro.

— Makro ni mdudu gani? aliuliza Refa.

— Ni maagizo unayoiandikia programu, iyafuate yenyewe. Nimeiambia ipitie nyongeza zote, moja baada ya nyingine, iniandikie habari zake: jina la faili, mahali lilipo, kichwa, mwandishi, maelezo, na mwisho kama imewashwa au haijawashwa.

— Aaa, ukaguzi kabla ya mechi! Jezi, kadi, viatu, kucha. Nilikuwa nakagua mpaka kucha mimi.

— Ndiyo maana mechi zako zilikuwa zinaanza magharibi, alisema Waya.

Nikawageuzia skrini. Nyongeza nyingi zilikuwa zimekuja na programu yenyewe. Maelezo yake ni marefu na hayana mtu ndani yake. Ya mke wangu ilikuwa chini kabisa. Kichwa: Panga Vipindi. Mwandishi: jina lake la usichana, kwa herufi ndogo tupu. Maelezo: Ikichelewa, ngoja.

Mkasi alikuja kusimama nyuma yetu, tepu shingoni, akasoma kwa sauti.

— Ikichelewa, ngoja. Jamani, namsikia kabisa! Mtu anaandika maneno mawili na unaisikia mpaka pumzi yake.

— Safu ya mwisho, nilisema.

Waya aliinama.

— Imewashwa: Hapana. Mh. Na faili lenyewe?

— Nimelitafuta pale linaposema lipo. Lipo, halijaguswa.

— Ndani umechungulia?

— Nimesoma yote. Sijawahi kusoma kitu kilichoandikwa vizuri hivyo. Kila sharti ameliandikia sababu, mstari mmoja, kwa Kiswahili safi. Mwalimu wa Kemia asipewe kipindi cha kwanza, ana mapacha wanaonyonya. Mwalimu wa Historia asipangiwe vyumba vya ghorofani, anaumwa goti.

— Goti! Refa aliweka kikombe chini. Miaka yote nimecheza na kuchezesha, hakuna kiongozi aliyewahi kuniuliza goti. Huyo mama alikuwa mtu, bwana.

— Na Hisabati asubuhi, kabla vichwa havijachoka, niliendelea. Na darasa lililotoka michezoni lisiingizwe moja kwa moja kwenye mtihani.

— Binti yangu alisoma pale, alisema Mkasi. Alikuwa ananiambia, mama, siku zetu zinapita kama zimepigwa pasi. Mimi nikadhani ni bahati. Kumbe kuna mtu alikaa akashona.

Waya akagonga skrini kwa ukucha wake mrefu, ule wa kufungulia simu.

— Lakini swali liko palepale. Nani kaizima?

— Yeye. Hakuna mwingine anayejua mahali pa kuizimia. Unaingia kwenye orodha ya nyongeza, unatoa tiki. Haizimiki kwa bahati mbaya.

— Basi kirusi. Ulinzi wa kompyuta umekiona, umeizima.

— Ungelihamisha faili zima. Faili halijahama.

— Haya, sikiliza fundi. Ukimkuta fundi kazima redio yake mwenyewe, usiiwashe. Itakupiga shoti. Shemeji aliona hitilafu humo akaizima mpaka apate nafasi ya kuitengeneza. Nafasi hakuipata.

Neno hilo lilinikaa vibaya, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo mwenyewe tangu jana.

— Siyo hitilafu, alisema Refa. Ni mabadiliko ya mchezaji. Sheria iko wazi: aliyetolewa harudi uwanjani. Alikuwa na nyingine benchi, mpya, yenye nguvu. Itafuteni hiyo.

— Nimetafuta. Hakuna nyingine.

— Basi alicheza pungufu. Inaruhusiwa, ilimradi wabaki saba.

— Saba gani tena wewe! alisema Mkasi. Mimi nitawaambia. Wivu. Pale shuleni walikuwepo watu wanaomezea mate kazi yake. Akaificha. Mimi mwenyewe patroni zangu za kukatia nguo nazikunja na magazeti ya zamani, mtu akija anaona takataka.

— Dada, mtu anayeficha hataji jina lake kama mwandishi.

— Kwa herufi ndogo! Umeona? Anajificha huyo.

Waya alikuwa amekwishapata moto.

— Kuna jingine. Kompyuta za siku hizi zinamjua mwenye nazo. Zinazoea vidole. Vidole visipogusa siku kadhaa, mashine inaanza kujifunga kiungo kimoja kimoja. Nimeziona simu za namna hiyo humo ndani, mwenye nayo kafariki, na kioo kikapasuka kabatini bila mtu kukigusa.

— Kikapasuka kwa sababu uliikalia, alisema Mkasi.

— Inaomboleza, alisema Refa, kwa sauti ya mtu aliyeona penalti ya wazi. Kompyuta iko matangani. Tunaisumbua bure.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, nao wakaniona nacheka, wakaona aibu kwa niaba yangu. Refa alinitia kahawa kikombe kikiwa bado nusu.

— Samahani, kaka, alisema.

— Hakuna kosa.

Mkasi ndiye aliyesema lile ambalo wengine walikuwa wanalizunguka.

— Au wifi alijua. Wapo watu wanaojua. Anafunga madirisha, anazima taa, anaondoka kwenye nyumba safi.

Kama alijua, basi alijua akiwa mezani kwangu, umbali wa mkono mmoja, na mimi nikavuta kiti nikafungua vipimo vya mto.

— Si uiwashe tu tuone? alisema Waya baadaye. Tiki moja.

— Kama aliizima kwa sababu ina kosa, je? Niiwashe kesho mbele ya mkuu wa shule, ipange walimu wawili chumba kimoja, halafu waseme hiyo ndiyo kazi aliyoacha? Siwezi kuwasha kitu alichokizima yeye, bila kujua kwa nini. Afadhali wakifute wakiwa wanakisifia.

Hapo ndipo mwanamke mmoja, mwenye mkoba begani na simu iliyopasuka mkononi, aliposimama mbele ya benchi.

— Shikamooni. Fundi yupo?

— Marahaba, mwanangu, alisema Mkasi. Fundi ndiye huyo anayezika kompyuta.

Mgeni akaitazama kompyuta, akaona nembo ya shule iliyobandikwa kifunikoni, akasita.

— Samahani. Hiyo ni ya marehemu Mwalimu? Mimi ndiye mwalimu mpya wa Jiografia. Nimeambiwa kesho nitakabidhiwa. Pole sana, baba.

Nikamshukuru. Waya, aliyekuwa ameipokea simu yake bila kuitazama, akamwelezea kesi yote: makro, safu ya mwisho, hitilafu, wivu, matanga. Mwalimu alisikiliza, akaomba kuusoma msimbo wa nyongeza, yaani maagizo aliyoyaandika mke wangu, akausoma kwa kufuata mistari kwa kidole bila kuigusa skrini.

— Hapa imeandikwa kwamba kila faili la majedwali likifunguliwa, nyongeza ipitie kurasa zake zote, itafute kama kuna majina ya walimu.

— Ndiyo, nilisema. Ilikuwa inachelewa kidogo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana akaandika vile, ngoja.

— Kompyuta hii alikuwa anaitumia peke yake?

Waya alimtazama Refa. Refa alitazama ndani ya kikombe. Hakuna kati yao aliyejua mambo ya mezani kwangu baada ya chakula cha jioni.

— Hapana, nilisema. Jioni nilikuwa naitumia mimi.

— Majedwali?

— Vipimo vya mto. Faili moja, kurasa nyingi sana. Kila kituo na ukurasa wake, kila mwaka na wake.

— Na lilikuwa linafunguka upesi?

— Mara moja.

Akaniacha, kwa adabu, nifike mwenyewe. Faili langu, nyongeza ikiwa imewashwa, lingepitiwa ukurasa baada ya ukurasa, mto mzima, kutafuta mwalimu ambaye hayumo. Ningengoja mpaka chai ipoe. Nami sikuwahi kungoja hata jioni moja. Vile vitu viwili vitatu alivyokuwa akibonyeza kabla ya kunisogezea kompyuta: nilidhani anahifadhi kazi yake. Na asubuhi, akiwa amesimama, mkoba tayari begani, alikuwa akiifungua tena kidogo na kuifunga. Nilidhani anatazama barua.

— Alikuwa anaitoa tiki kwa ajili yangu, niliwaambia. Kila jioni. Asubuhi anairudisha.

— Na ile asubuhi... alisema Refa, akaishia hapo.

— Ile asubuhi hakuirudisha.

Mkasi alijifuta uso kwa ncha ya tepu yake ya kupimia.

— Kwa hiyo haina kosa, alisema Waya taratibu. Nzima kabisa. Ilikuwa inasubiri asubuhi tu.

— Lakini baba, aliuliza yule mwalimu, na niliona kwamba anauliza kwa kutaka kujua tu, mbona hakukuambia? Ungeweza kuitoa mwenyewe.

Waya, mwenye jibu la kila kitu, alianza kuifungua simu ya mgeni. Refa aliinua birika akaliinamisha juu ya kikombe changu. Zikatoka chembe nyeusi, kisha hewa. Mkasi alirudi kwenye cherehani yake lakini hakushona. Nilikaa pale mpaka makaa yakawa majivu, na swali lile likiwa bado limesimama mbele ya benchi, bila mtu wa kulikaribisha kiti.

Asubuhi ya Jumatatu nilifungua kompyuta nikiwa nimesimama. Nikaingia kwenye orodha ya nyongeza, nikairudisha tiki, nikafunga, nikaenda nayo shuleni. Ofisini mkuu wa shule alikuwa amekaa na mwalimu wa Jiografia. Nikafungua majina ya walimu na vyumba, nikabonyeza kitufe chake. Skrini ikaganda.

— Imekwama, alisema mkuu wa shule, akanyoosha mkono aizime.

— Ngoja, nilisema.

Tukangoja. Kisha vipindi vikaanza kujipanga kimoja kimoja, kuanzia cha kwanza cha Jumatatu, na mwalimu wa Kemia hakuwamo.