Kichefuchefu cha Sidi

Benchi hili ni langu, nalisema mapema tusije tukagombana. Nililipigilia misumari mimi mwenyewe mbele ya kibanda changu cha kuziba panchari, hapa Ukunda, barabara ya kushukia Diani, na wote wanaolikalia huniita Kiraka kana kwamba mamangu hakunipa jina. Sheria yake ni moja. Anayeleta shauri huagiza dele zima la kahawa kwa Mramba, muuzaji wetu, na hainuki mtu mpaka dele liishe. Sheria hiyo niliiweka mimi, maana nilichoshwa na watu wanaozua ubishi halafu wanakimbilia abiria, wananiachia maneno nusunusu. Asubuhi hiyo aliyeleta shauri ni Karisa wa bodaboda, kijana mpole, na uso ulikuwa umemshuka.

— Shikamoo, Mzee Kiraka.

— Marahaba. Kulikoni?

— Ni mke wangu, Sidi. Hii mimba inamtesa. Kichefuchefu hakimwachi, kila anachokula kinarudi. Kliniki walimpa tembe, hizi hapa. Sasa Quincy naye kaniletea unga wa Kihindi. Nataka kujua tu nimpe kipi, na kama vinachanganyika. Nikishajua naondoka.

— Kaa kwanza, nikamwambia. Kahawa inakuja.

Akakaa. Mramba akateremsha dele lake na vikombe, naye akachutama hapo hapo, maana muuza kahawa husikia mengi na hutaka kuyasema yote. Upande huu alikuwa Tembo, tunayemwita Dawa. Zamani alikuwa akifagia duka la dawa, na tangu hapo mtu hawezi kukohoa mbele yake asiandikiwe tembe. Upande ule Quincy, kijana wa bara, jina lake hapa ni Mafuta. Anakunja taulo kwenye hoteli moja Diani ambako kuna mtaalamu wa Ayurveda kutoka India, anayewakanda watalii mafuta na kuwapa unga wa mitishamba. Kwa kukunja taulo, Quincy naye amekuwa mtaalamu.

— Mimi nasema tembe, akaanza Tembo. Kichefuchefu hakitoki tumboni. Kuna kengele huku nyuma ya kisogo. Tembe inakwenda kuizima, basi.

— Buda, kengele ikilia ujue kuna moto, akasema Quincy. Wewe unazima kengele, unaacha nyumba iungue. Ayurveda inaenda kwa moto wenyewe. Hii unga ni tangawizi, iliki, shamari na vitu zingine. Analamba na asali asubuhi.

— Vitu vingine vipi? akauliza Karisa.

— Vya siri ya kazi.

— Na huyo mtaalamu wenu kasema mjamzito apewe?

Quincy akajikuna shingo.

— Alisema mwenye mimba asipewe kitu kabla daktari wake hajajua. Lakini hiyo aliambia mzungu. Wazungu wako na tumbo ingine.

Karisa akaitazama ile karatasi ya unga mkononi, kisha akatoa simu, akapiga, akasikiliza.

— Hapokei.

— Amelala, akasema Tembo. Usingizi wenyewe ni dawa. Mwache.

— Tembe nazo alizitapika.

— Hilo lisikutie wasiwasi. Tembe ikitapikwa imeshafanya kazi. Imepita pale, imelionya tumbo, imetoka. Lazima ikae? Kwani imepanga chumba?

Nilicheka, nakiri. Karisa hakucheka. Akaweka kikombe chini, akashika ufunguo wa pikipiki.

— Niende nikamwangalie.

— Dele halijaisha, nikamwambia. Sheria unaijua.

Akakaa tena. Mtu wa heshima ana taabu yake, kwani hawezi kumkatalia mzee.

Mramba akamjazia kikombe, akachukua zamu yake.

— Nyote mnazunguka tu. Huyu Karisa siku nzima ananuka petroli. Anaporudi nyumbani, nani anaisikia kwanza ile harufu? Ni mtoto aliye tumboni. Mtoto haitaki petroli. Sidi hatapiki, anayetapika ni mtoto, kupitia kwa mamake.

— Sasa umesema, akasema Tembo. Na huo mtetemeko wa pikipiki je? Unaingia mwilini mwa baba, baba akilala unaingia kwenye godoro, kwenye godoro unafika kwa mama. Huyo Sidi yuko safarini usiku kucha. Lazima achafukwe.

— Hata Ayurveda iko hapo, akasema Quincy, macho yamemng'aa. Bibi na bwana ni moto mmoja. Ukitibu huyu, yule anapoa.

— Kwa hiyo mgonjwa ni Karisa, akasema Mramba.

— Mgonjwa ni Karisa, akaitikia Tembo. Ameze tembe moja, alambe na kijiko cha unga, apumulie pua ya kulia. Jioni Sidi atakula ugali na samaki.

Mnaona wenyewe tulipofika. Na ajabu ni kwamba Karisa, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa ameshatoa tembe kwenye pakiti. Mtu akihangaika humeza lolote. Akapiga simu tena. Haikupokewa.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja akisukuma mkokoteni wa madafu, gurudumu limelala kabisa. Sikuwa namjua. Baadaye ndipo niliposikia kwamba anaitwa Mwanarusi, wa Tiwi. Akasalimu vizuri, tukaitikia, nikaanza kulifungua gurudumu. Yeye akasimama kando akiwasikiliza hawa wangu. Alipoiona tembe inakwenda mdomoni kwa Karisa akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia:

— Samahanini. Huyo mwenye mimba, leo amekunywa maji yakakaa?

Tembo akamwangalia Quincy. Quincy akamwangalia Mramba. Mramba akaangalia ndani ya kikombe.

— Na haja ndogo, amekwenda leo?

— Sijui, akasema Karisa. Nilimwacha kitandani. Nilikuja kuuliza tu, nirudi.

— Nani yuko naye?

Tembe ikamponyoka Karisa, ikaanguka mchangani.

— Hakuna. Yuko peke yake.

Nilihisi aibu kutoka miguuni hadi masikioni. Kijana alikuja kuomba neno moja, nami nimemfunga kwenye benchi kwa sheria ya kahawa, huku mkewe yuko nyumbani hapokei simu. Karisa hakuinuka. Alikuwa akilitazama dele. Nikaacha gurudumu, nikalichukua dele kwa Mramba, nikalipindua. Kahawa yote ikaingia mchangani.

— Limeisha, nikasema. Nenda, mwanangu.

Alikimbilia pikipiki yake. Mwanarusi naye akachukua dafu moja mkokotenini, akampandia nyuma bila kuombwa.

— Nitarudia mkokoteni wangu, akasema, wakaondoka.

Quincy aliichukua karatasi yake ya unga, Karisa alikuwa ameiacha benchini, akaikunja mara nyingi hata ikawa ndogo kama kidole. Tembo aliiokota tembe iliyoanguka, akaipangusa, asijue aiweke wapi.

Karisa alipiga simu adhuhuri, nikaiweka sauti juu wote wasikie. Walimkuta Sidi amekaa chini karibu na mlango, midomo imemkauka, hana nguvu ya kuifikia simu. Tangu jana maji hayajakaa tumboni mwake. Hospitali wamemtundikia dripu na kumdunga sindano ya kichefuchefu, ameanza kusema, na mtoto yuko salama.

— Daktari hata hakunisalimu, akasema Karisa. Aliniuliza yale yale ya huyu mama.

— Na unga wangu? Quincy akauliza kwa sauti ndogo.

— Kasema chai ya tangawizi anaweza kunywa akishatulia. Huo unga upelekwe auone kwanza.

Quincy alikwenda mwenyewe kuupeleka. Mimi nililimaliza gurudumu la Mwanarusi, nikalijaza upepo, nikausogeza mkokoteni kivulini madafu yasiungue na jua.

Asubuhi iliyofuata Mramba alileta dele kama kawaida. Tembo akakaa, akajinyoosha, akasema shemeji yake hapa mtaani anaharisha tangu usiku, na kwamba yeye ana maoni. Nikamshika mkono kabla kikombe hakijafika mdomoni.

— Nani yuko naye?

Akafikiri. Kisha akakiweka kikombe chini, kimejaa vile vile, akaenda kuangalia.