Diski za Nadim

Mheshimiwa Ustadhi Fawwaz Hallab, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Maktaba ya mtaa wetu. Sheikh Munir, imamu wetu. Abuna Butros, padri wetu, uliyekubali kupanda ngazi zote hizi na goti lako bovu. Ndugu wanachama wa Klabu ya Linux ya hapa Trablus, mliomo humu ukumbini na mnaotutazama kwa mtandao mkiwa Saida na ughaibuni. Majirani zangu wa jengo ambalo halipo tena. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: amani iwe juu yenu.

Ustadhi Fawwaz aliniambia, "Dada Ghada, sema maneno machache tu ya shukrani, halafu tunywe kahawa." Ustadhi, niwie radhi. Kahawa itapoa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mke wa marehemu Nadim Kabbara, mfamasia, ambaye jina lake mmeliandika kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango wa chumba hiki cha mashine. Mume wangu aliuza dawa mchana, na jioni alikuwa mtumwa wa Linux, yaani ule mfumo wa kompyuta usio na mwenyewe, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuufungua, kuuharibu na kuutengeneza. Ruhusa hizo zote tatu Nadim alizitumia ipasavyo.

Chumba chetu cha wageni hakikuwahi kulala mgeni. Kilijaa kompyuta kuukuu, nyaya, na betri zilizokuwa zikichajiwa na vioo vya jua juu ya paa, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Ndugu zangu wakija kutoka Akkar walilala sebuleni, mashine zikalala chumbani. Nikilalamika ananiambia, "Ghada, hii si kompyuta tu. Hii ni seva." Nikamwuliza tofauti yake ni nini. Akasema, "Kompyuta inakutumikia wewe. Seva inawatumikia majirani." Basi nikajua nimeolewa na mtu wa aina gani.

Na kweli iliwatumikia. Benki zilipofunga milango na kadi zetu zikawa vipande vya plastiki, hatukuweza tena kulipia kampuni za nje zituwekee picha zetu. Nadim akasema, "Leteni kwangu." Harusi za mtaa mzima zikaja nyumbani kwetu. Picha za watoto siku ya kwanza ya shule, picha za marehemu, masomo waliyorekodi walimu wakati wa mgomo, vyote vilikuwa chumbani kwangu vikinguruma. Nani kati yenu majirani hakuweka kitu kwa Nadim?

Sasa niseme habari ya Raymond Saliba wa Batroun, ambaye namwona amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Kaa tu, Raymond. Sijakutaja ili ukimbie.

Siku za mwanzo, mashine ya Nadim ilikataa kuwaka. Akaandika kwenye kundi la klabu akiomba msaada. Raymond, ambaye hawakuwahi kuonana hata siku moja, akamjibu, "Mzee, umesoma mwongozo, au unataka tukusomee tukikubembeleza?" Nadim alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Lakini kabla ya adhuhuri mlango ukagongwa. Nafungua, namkuta mtu mrefu ameloa mvua, ana bisibisi mkononi. Akasema, "Mimi ndiye yule mwenye mdomo mbaya. Mgonjwa yuko wapi?"

Akala kwetu siku hiyo. Akala kwetu miaka. Nilipika mjaddara, wali wa dengu, nikijua sahani ya tatu ni ya Raymond. Waliitana "punda" na "mwenda wazimu" kwa mapenzi ambayo sisi wanawake tungehitaji mashairi kuyaeleza. Na ndivyo mlivyo nyote, ndugu wa klabu, lazima niwape haki yenu: mnatukanana hadharani na kusaidiana bila kuulizana dini, chama wala ukoo. Katika mji huu, hilo si jambo dogo.

Ni Raymond na Nadim waliopatana kwamba nakala ya kila kitu kilichomo chumbani kwetu iende Batroun kila alfajiri, yenyewe, bila mtu kugusa kitu. "Nyumba ikiungua," Raymond alisema, "vitu vyenu vitakuwa kwangu." Nadim akamjibu, "Funga mdomo, mchawi wee." Tukacheka.

Halafu wakagombana. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya shamba? Kwa ajili ya mwanamke? La. Raymond alimwambia Nadim asiupandishe mfumo wa ile mashine kuwa toleo jipya kabla ya kuujaribu pembeni. Nadim akaupandisha. Mashine ikazimika, majirani wakakosa picha zao wiki nzima. Raymond akaja, akaitengeneza, akarudi kwake. Kisha akaandika mbele ya kundi zima: "Mfamasia abaki na vidonge vyake. Mashine ya watu si dawa ya kikohozi, umpe mgonjwa uone kama itamkubali."

Nadim aliyasoma maneno hayo mezani, chakula kikapoa mbele yake. Akajibu, "Asante kwa msaada, ustadhi. Kuanzia leo hutasumbuliwa." Akaifungia mashine yetu: akafuta funguo zote za Raymond, yaani zile alizokuwa akiingilia kutoka mbali. Alidhani amezifuta zote. Ufunguo mmoja aliusahau, ule wa nakala za alfajiri, na mashine, kwa kuwa haina kiburi, ikaendelea kufanya ilichoagizwa.

Mume wangu hakulijua hilo. Naomba mlisikie vizuri, kwa sababu kila kilichofuata kimesimama hapo. Aliamini kwamba hana nakala mahali popote duniani. Akawaandikia ninyi wanaklabu akiuliza, "Nani atanitunzia nakala?" Ninyi ni hodari, siwezi kuwanyima sifa. Mlimpa ushauri mwingi kuliko nywele zake. Huyu akasema inshallah wiki ijayo. Yule akasema anangoja diski kutoka kwa shemeji yake Dubai. Mwingine akaeleza kwa kirefu kwa nini njia anayotumia Nadim ni ya kizamani. Akauliza tena, na tena. Mwishowe akaacha kuuliza.

Mama Khodr, naomba unishike mkono, maana sasa nafika kwako.

Khodr, mtoto wa pekee wa mama huyu, aliondoka na boti ya wale wanaokwenda kutafuta maisha ng'ambo. Kabla ya kupanda alimtumia mamake ujumbe wa sauti kutoka ufukweni. Boti haikufika. Simu ya Mama Khodr ilipokufa, Nadim aliifungua, akaitoa ile sauti kama daktari anavyotoa risasi, akaihifadhi kwenye mashine. Kila Alhamisi Mama Khodr alikuja, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya nyaya, na Nadim akamfungulia. Mimi nilikuwa nikiwapelekea chai na kutoka. Hakuwa na kaburi la kuzuru. Alikuwa na chumba changu cha wageni.

Na jengo letu lilikuwa na nyufa. Mwenye jengo alileta fundi, akaziba kwa saruji, akapaka rangi ya krimu, ikapendeza. Tulipomwambia zimerudi, akasema jengo hili ni imara, litatuzika sote. Leo ametuma shada la maua. Liko pale mlangoni. Mnaojua kusoma, someni jina.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali. Tukasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Nguzo ya chini ilikuwa imepasuka. Tulishuka wote, alhamdulillahi, wote, hata mama mkwe wangu tulimshusha kwenye kiti. Tukasimama barabarani kwenye mvua tukihesabiana. Nadim alikuwa ubavuni mwangu. Nilikuwa nimeshika mkono wa koti lake.

Mama Khodr, akiwa na ndara za bafuni miguuni, akaangalia juu, akasema, "Nadim, mwanangu, na sauti ya Khodr?"

Hakumwambia nenda. Aliuliza tu, kama mama.

Nadim akasema, "Usijali, Mama. Nachomoa diski mbili nashuka."

Nikamwambia, "We mwanamume una wazimu? Hurudi!"

Akasema, "Ghada, usinipigie kelele mbele za watu. Hakuna nakala kwingine. Ningekuwa nayo, ningekwenda?"

Akautoa mkono wangu kwenye koti lake, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Jengo likaporomoka. Walimkuta kwenye ngazi, akiwa anashuka. Diski alikuwa amezifunga ndani ya taulo langu. Zilikuwa zimevunjika.

Siku ya arobaini, watu wakishaondoka, Raymond alibisha hodi kwa dada yangu ninakoishi. Ana diski mkononi. Akasema, "Ghada, kila kitu kipo. Kilikuwa kwangu muda wote."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua. Kila asubuhi nilikuwa naona nakala imefika."

"Na aliposema kundini nani atamtunzia nakala, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Neno moja, Raymond. 'Ninayo.' Hilo ni neno moja tu. Lilikushinda?"

Akasema, "Nilikuwa nangoja aombe msamaha kwanza."

Sikumpiga. Watu wananiuliza kwa nini sikumpiga. Nilimwambia avae koti lake tena, twende kwa Mama Khodr, akampe kwa mkono wake mwenyewe. Tukaenda. Akaifungua ile sauti. Khodr akasema, "Mama, bahari imetulia, usilie. Koti langu zito mpe mtoto wa mama mdogo, mimi ninakokwenda nitanunua jingine." Mama Khodr akasikiliza mpaka mwisho huku akitabasamu. Kisha akauliza, "Diski zilivunjika. Hii ilikuwa wapi?"

Raymond akasema, "Kwangu, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama Khodr akajifunika uso kwa mtandio. Akasema, "Basi nimempeleka mtoto wa watu juu kufuata kitu kilichokuwa kimeshafika." Tangu siku hiyo hajaisikiliza tena sauti ya mwanawe. Yaani tulichobakiwa nacho baada ya Nadim, hata hicho hatukitumii.

Mama Khodr, nakwambia mbele ya Sheikh, mbele ya Abuna na mbele ya mtaa mzima: si wewe. Umesikia? Si wewe. Alhamisi njoo. Nitakupikia chai mwenyewe, nitakaa na wewe, tutasikiliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika maneno yako ya ufunguzi ulisema kwamba Nadim alikufa shujaa, akilinda kumbukumbu za mtaa wetu. Nakushukuru kwa nia yako njema. Lakini naomba maneno hayo yasichongwe kwenye jiwe lolote. Je, mtu hufa shujaa kwa kufuata kitu ambacho mwenzake anacho? Mtoto wa shule akija hapa akisoma kwamba diski zinastahili roho ya mtu, tutakuwa tumemfundisha nini? Nadim hakuuawa na mapenzi yake kwa mashine. Aliuawa na ukuta wa mtu mwenye tamaa na ukimya wa mtu aliyempenda. Wa kwanza nimemwachia Mungu na mahakama, kwa mpangilio huo, kwa kuwa mahakama zetu mnazijua. Wa pili yuko humu ndani.

Ndugu wanaklabu, naambiwa mashine ya chumba hiki ni mpya, betri zake ni nzuri, nakala itakwenda Saida na nyingine Batroun. Vizuri. Mimi siyajui hayo, na sitaki kujifunza sasa. Ombi langu kwenu halihitaji umeme. Gombaneni mpendavyo, mimi nimewazoea. Nunianeni, tukananeni, futaneni kwenye simu. Lakini ukiwa na kitu cha mwenzako, hata kama hutaki kumwona, mtumie neno moja kwamba unacho na kiko salama. Kisha endelea kununa. Hakuna atakayekuzuia.

Nawashukuru Jumuiya ya Maktaba kwa chumba hiki, na majirani waliochimba kifusi kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Nawashukuru waliompikia mama mkwe wangu nilipokuwa siwezi kusimama. Nanyi nyote mlioniacha niseme mpaka mwisho bila mtu kutazama saa yake, asanteni sana kwa kunisikiliza.

Sasa nimepewa mkasi huu nikate utepe. Utepe ni mrefu na unalegea; unahitaji mtu wa kuushika upande wa pili. Raymond, njoo. Wapisheni apite. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini njoo ushike.