Bi Tumu na Kitambaa cha Kumi na Nne

Ijumaa, tarehe 24 Aprili 2026, Bi Tumu Makame atazima taa ya meza ya kukatia kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika kiwanda chetu cha sare cha Pindo, hapa Turffontein. Aliingia Februari 1999. Tangu siku hiyo amechelewa kazini mara moja tu, siku mvua ya mawe ilipovunja vioo vya teksi aliyopanda, na hata hivyo alifika na vipande vya kioo kwenye mtandio, akauliza kwa nini meza yake haijafutwa vumbi.

Mimi ninayeandika ni Luqman Sehiza, fundi wa kutengeneza cherehani. Bosi André alipouliza nani aandike wasifu huu, watu wote walinitazama mimi. Wanasema nina maneno mengi. Sikatai.

Bi Tumu alitoka Unguja na sanduku moja na mkasi wake mwenyewe. Alianza kwa kushona vifungo, akapanda hadi mezani kwa wakataji, na tangu 2006 ndiye mkataji mkuu. Hukata matabaka arobaini ya kitambaa cha koti la shule kwa mkupuo mmoja, na ukilinganisha la juu na la chini huoni tofauti hata ya unene wa uzi. Shule za jiji zima, kuanzia Randburg mpaka Rosettenville, zimevaa mkono wake. Akimwona mtoto barabarani amevaa sare yetu, humgeuza akague mshono wa bega, kisha ndipo amsalimie mama wa mtoto, ambaye kwa wakati huo ameshatoa macho.

Mkasi huo aliokuja nao hauazimwi. Hilo analijua kila fundi wa nguo, lakini Bi Tumu amelifanya kuwa sheria ya nchi. Mwaka fulani Bosi André aliuokota mezani akakatia utepe wa gundi wa boksi. Siku tatu hakusemeshwa. Siku ya nne alikuja na biskuti na maneno ya kuomba radhi, na biskuti zilipokewa kwanza.

Lakini wasifu wa Bi Tumu ukiishia mezani, nitakuwa nimewaandikia nusu ya mtu. Msimu wetu wa jasho ni Oktoba mpaka Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Februari tunapumua. Machi 2009, baada ya msimu uliotuacha migongo imepinda kama kulabu, Bi Tumu alimwendea bosi akamwambia kwamba nguo zimeshanyooshwa, sasa zamu ya watu. Jumapili iliyofuata, kanisa lilipotoka, watu watano tulikwenda kutembea kwenye uwanda wa nyasi wa Klipriviersberg, dakika kumi na tano kwa gari kutoka hapa.

Ambaye hajafika kule mwezi wa Machi na Aprili, pole yake. Joto la Desemba limekwisha, baridi ya Juni haijabisha hodi. Nyasi zinafika mabegani, zimeanza kuiva rangi ya chapati, upepo ukipita zinainama zote pamoja. Pundamilia wanakutazama kama wewe ndiye uliyevaa ajabu. Hakuna paa, hakuna ukuta, hakuna mlio wa cherehani. Siku ile ya kwanza Mama Thérèse wa matundu ya vifungo, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuja na viatu virefu vya kanisani. Alimaliza njia na raba za Pacifique, mpiga pasi wetu, na Pacifique akamaliza na soksi. Siku hizi hatupungui thelathini, na viatu tunavikagua getini.

Njia za kule zinagawanyika ovyo, na nyasi zikishakumeza humwoni mwenzio. Kwa hiyo Bi Tumu alituwekea utaratibu. Pacifique, mwenye miguu mirefu, anatangulia. Kila penye njia panda anafunga kitambaa cha rangi ya chungwa, mabaki ya vizibao vya walinzi tunavyoshona. Bi Tumu anakuja wa mwisho kabisa, anavifungua kimoja kimoja, anatia kwenye mfuko wa gauni. Huko juu kuna jiwe pana tunaloliita Jiwe la Chai. Akifika, anavihesabu mbele ya watu. Vilivyofungwa vikiwa kumi na vinne, lazima virudi kumi na vinne, maana yake njia yote imepitiwa na hakuna mtu aliyebaki nyuma. Hesabu ikitimia, chai inamiminwa. Isipotimia, chupa ya chai haiguswi, hata uwe bosi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anapenda kuwa mkia. Alinijibu kwamba anayetangulia anaona kilima, na vilima ameshaviona vya kutosha. Nilikuja kumwelewa mwaka 2017, nilipofiwa na mama yangu Tanga nikashindwa kwenda kumzika. Ukiwa na jambo zito, unapunguza mwendo bila kujua, na unajikuta uko na Bi Tumu. Jumapili tatu nilitembea naye. Hakunimwagia pole nyingi. Alikuwa akinipa vitambaa nivifungue mimi, basi. Nilimpenda kwa hilo, na leo nalisema hadharani.

Sasa nifike kwenye kisa cha 2014, na Mama Thérèse amenipa ruhusa kwa sharti nisitie chumvi. Mama Thérèse hapendi takataka. Jumapili ile alikuwa katikati ya msafara, akaona vitambaa vinapepea majanini, akamhurumia Bi Tumu kwa kazi ya kuinama. Akavifungua saba, akavikunja vizuri, akavitia mkobani. Akafika Jiwe la Chai akitabasamu, akavitoa ili asifiwe. Eish! Watu tuliganda. Nyuma yake walikuwa wenzetu sita kwenye nyasi bila alama hata moja, Bi Tumu na bosi wakiwamo.

Pacifique alirudi mbio akiita majina yao moja moja. Aliwakuta kwenye njia panda ya tatu wamekaa chini wanacheka. Bi Tumu alipoona hakuna kitambaa, alikataa kubahatisha njia. Aliwakalisha, akafungua kapu, wakala sambusa za watu thelathini. Bosi alipata nne. Mama Thérèse alilia mpaka wale walioshiba wakaanza kumbembeleza yeye. Tangu siku ile aliapa hatagusa kitambaa tena. Miaka kumi na miwili ametembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Lakini angalieni: kila Jumapili ametembea hatua moja tu mbele ya Bi Tumu, na hakuna kona hata moja ya njia ile asiyoijua.

Mwaka huu goti la Bi Tumu liligoma. Daktari alisema vilima basi. Mwezi Mei anarudi Unguja kwa binti yake, na hilo amelipokea vizuri. Kilichomkosesha raha ni kingine. Mwezi wa Februari alisimama katikati ya kiwanda akauliza nani atakuwa mkia. Kila mtu aliinamia cherehani yake, hata waliokuwa hawana kazi. Alimtazama Mama Thérèse, naye akasema "Mie? Jamais, katu," akakimbilia chooni. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua mwishowe nitaombwa mimi, na niombwe basi.

Tulianza Machi ikiyoyoma, baada ya Idi. Bi Tumu alibaki getini kwenye pikapu ya bosi na chupa za chai, nami nikajiteua kuwa mkia. Vilifungwa kumi na vinne, nikarudisha kumi na kimoja. Nilikuwa nasimulia hadithi, na hadithi ilikuwa nzuri. Bi Tumu alitutazama wote, akafunga vioo vya gari, tukarudi kilimani kutafuta vitatu. Chai tulikunywa imepoa. Jumapili iliyofuata Pasaka mambo yalikuwa mabaya zaidi, watu wawili walinuniana kwa kuachana njiani, na Pacifique akasema kwa sauti kwamba bila Bi Tumu matembezi haya yamekufa, tuyazike kwa heshima. Wengi waliitikia. Kioo cha pikapu kilikuwa wazi. Niliuona uso wa Bi Tumu, na katika miaka yote sijauona vile.

Jumapili tarehe 19 Aprili, matembezi ya mwisho ya msimu, alishuka kwenye gari na fimbo, goti limefungwa bandeji, akatangaza kwamba mkia ni yeye. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha daktari. Tulijifanya tumechoka ili asibaki peke yake. Watu thelathini na mmoja tulitembea taratibu, tukisimama kusifia kila ua. Aligundua kabla ya njia panda ya pili. Alituuliza tunabeba jeneza la nani, akatufukuza, hata Mama Thérèse akapewa kapu la sambusa atangulie nalo.

Tukafika kwenye jiwe. Tukangoja. Dakika kumi, ishirini. Kule nyasi ni nyingi na mtu aliyekaa chini haonekani. Ilipofika nusu saa hakuna aliyekuwa akitania, hata mimi. Mama Thérèse alikuwa amesimama ukingoni, ameelekea njia, kapu bado mkononi. Dakika ya arobaini aliliweka chini akaanza kushuka, na hapo ndipo fimbo ikatokeza juu ya majani, kisha mtandio, kisha Bi Tumu mwenyewe, jasho tupu, amefurahi. Tulipiga kelele mpaka pundamilia wakahama.

Alikaa, akatoa vitambaa, akahesabu. Kumi na tatu. Akarudia. Kumi na tatu. Pacifique aliapa kwamba alifunga kumi na vinne. Ukiacha kisa kile cha Mama Thérèse, kwa miaka kumi na saba mfuko wa Bi Tumu haujawahi kupungukiwa. Mimi nilikuwa nimeshainuka nirudi kukitafuta.

Bi Tumu alinikalisha kwa mkono. Akasema kitambaa cha kumi na nne hakikupotea. Kiko njia panda ya mwisho, kwenye nguzo ya chuma, na hakifunguki, kwa sababu amekishonea pale kwa uzi wa vifungo vya makoti, mshono wa kurudia, mara mbili. Ndicho kilichomchelewesha. Upepo hautakitoa, wala baridi ya Juni. Kinataka mkasi. Na kitafuatwa Jumapili ya kwanza baada ya Idi ya mwakani; mpaka hapo hesabu yetu haijatimia.

Kisha akaingiza mkono mfukoni akautoa mkasi wake. Ule ule. Mimi nilipangusa mkono kwenye suruali nikapiga hatua, maana nani mwingine? Bi Tumu alinipita kama mlango wa jirani. Alisimama mbele ya Mama Thérèse, naye Mama Thérèse akairudisha mikono nyuma, kama miaka yote kumi na miwili. Bi Tumu alingoja, amenyoosha mkasi, akiegemea fimbo kwa goti lile bovu, mpaka mikono ile ikatoka yenyewe. Mama Thérèse alilia tena, na safari hii hakuna aliyembembeleza, kwa kuwa sote tulikuwa na shughuli hiyo hiyo.

Bosi André, macho mekundu, alinyoosha mkono kwenye chupa ya chai. Bi Tumu alimuuliza hesabu imetimia lini. Basi tukala sambusa kavukavu, tukateremka na chupa sita zimejaa, tukicheka njia nzima, na Mama Thérèse akija wa mwisho.

Bi Tumu, kiwanda cha Pindo kinakushukuru kwa makoti yote uliyoyakata na kwa watu wote uliowafikisha. Msalimie binti yako, lipumzishe goti, ukae kwako kwa heri na afya, ule na ushibe. Mama Thérèse ameshaunoa mkasi, na hamwazimi mtu. Mwakani akishakikata kitambaa kile na kumi na vinne vikatimia juu ya jiwe, tutakupigia simu kwanza, uisikie chai ikimiminwa.

Luqman Sehiza, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Pindo