Golf Nyekundu Aliyompa Neville

Ndugu waombolezaji, mimi ni Clyde, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia nisome haya kwa kuwa nina sauti, na kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Bonteheuwel hakuna aliyemjua kunizidi.

Marehemu Desmond Fortuin alizaliwa hapa Cape Town tarehe 9 Mei 1961, akasoma hadi darasa la tisa, mwaka 1978 akaingia gereji ya kunyoosha bodi kule Athlone, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2021. Maisha yake yote alipenda vigari vifupi vya zamani vyenye injini kali, na kipenzi chake kilikuwa Golf GTI nyekundu ya mwaka 1984, iliyombeba bibi harusi wake, Beulah Arendse, tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Merwyn na Candice, ambao hadi leo hawaruhusiwi kula chipsi ndani yake.

Golf hiyo niliiosha mimi kila Jumapili, na kwenye taa za barabarani, zikiwaka kijani, hakuna aliyetuacha isipokuwa Neville Solomons wa klabu yetu ya magari, naye siku aliyotuacha alisukumwa na upepo. Kaka aliniahidi mbele ya watu, "Clyde, siku yangu ikifika, utaiendesha wewe nyuma ya jeneza," na ninyi wa klabu mnajua, anayeendesha nyuma ya jeneza ndiye mrithi.

Mwaka 2022 ugonjwa wa figo ulimshika, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, lakini kabla ya hapo, akiwa kitandani, alimwita Neville akampa funguo za Golf. Nilipomuuliza kaka, alisema, "Bwana mdogo, wewe ni mdomo tu, gia unazisaga kama kahawa." Nikamwambia, "Kaka, huyo alituita kobe!" Akanijibu, "Tulikuwa kobe, Clyde."

Shemeji Beulah, usinikonyeze, namalizia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa sufuria zenu, mafundi wenzake wa Athlone, na Neville, ambaye asubuhi hii ameniambia, "Panda kiti cha mbele, kaka, tusindikizane." Asante, sipandi.

Lala salama, Desmond. Injini za klabu zikinguruma pale geti la makaburini, usihesabu yangu, mimi naja kwa miguu, na nikifika tutazungumza.