Maisha ya Mwalimu Dominique Kitenge, Aliyetufundisha Atomu Uwanjani Wamaza

Ndugu wafiwa, viongozi wa dini zetu, majirani wa Wamaza, na ninyi mliotoka machimboni na udongo bado miguuni, familia imenituma niwasomee njia aliyopita Mwalimu Dominique Kitenge, mtu ambaye kukaa kitini kulimshinda.

Alizaliwa Lusangi tarehe 3 Machi 1969, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Kasongo mwaka 1989, akaenda Bukavu kujifunza ualimu wa kemia, na huko akakutana na Nabintu, ambaye alifunga naye ndoa Kasongo tarehe 18 Oktoba 1997, wakajaliwa Clémentine, Junior na Chimène. Tangu 1998 alifundisha sekondari hapa Wamaza, akizunguka darasani mpaka shingo za wanafunzi zikachoka, na Nabintu alipomwomba apumzike, aligusa jiwe la mafiga akasema: "Mama Clémentine, hata ndani ya jiwe hii kitu inatembea, mimi nitakaaje?"

Kwa kuwa shule haikuwa na maabara, mwezi Mei 2019 alipeleka darasa kwenye uwanja wa mpira, akatandika kitambaa cheusi katikati, akaweka juu yake punje moja ya mchanga, akasema hiki ndicho kiini, ndani yake mna protoni na neutroni, kisha akawakimbiza wanafunzi pembezoni kabisa wawe elektroni, akiwaonya kwamba elektroni ya kweli haina barabara yake kama pikipiki, na kwamba kati yao na kile kiini hamna kitu. Wachimbaji waliokuwa wakipita waliona mtu amepiga magoti juu ya kitambaa cheusi, jinsi wao wanavyoangalia dhahabu, na kesho yake uwanja ulikuwa shimo.

Hakukasirika. Alishuka shimoni akaendelea na somo, na Chadrack, mwanafunzi wake aliyeacha shule akafuata machimbo, akamtania: "Mwalimu, atomu yako iko wapi, tuiuze?" Akamjibu: "Umeikalia, bwana," akaeleza kwamba dhahabu ni dhahabu kwa sababu kila kiini chake kina protoni sabini na tisa, ikipungua moja si dhahabu tena. Watu walicheka, lakini tangu hapo hakutulia, kila Jumapili alikwenda machimboni kumwuliza Chadrack atarudi lini, hata baada ya daktari kumkuta na shinikizo la damu mwaka 2021, na Septemba 2022 Chadrack akarudi darasani.

Tarehe 15 Julai 2024, Nabintu akiwa amemfichia viatu ili asisafiri, alipanda pikipiki akiwa na kandambili miguuni hadi Kabambare, akasimama nje kwenye vumbi mpaka alipomwona Chadrack akiingia kufanya mtihani wa Serikali. Tarehe 22 alianguka uani, akapelekwa hospitali Kasongo, akafariki tarehe 27, akiwa bado anauliza kama matokeo yametoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliombeba, walimu wenzake, na wachimbaji waliochimba kaburi hili, Chadrack akiwa wa kwanza kushika jembe.

Mwalimu, matokeo bado. Yakitoka, Chadrack atakuja kuyasoma hapa hapa. Nabintu amekuvalisha viatu vyako kwa mikono yake, ila anakuomba, mara hii moja, usitoke. Tulia sasa, upumzike kwa amani.