Maisha ya Mashoto, Fundi wa Miiko

Ndugu waombolezaji, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi kaka yake mkubwa, kuwasomea maisha ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mashoto.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, akiwa mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo. Alianza shule Januari 1955, na huko mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa utepe ili aandike kwa wa kulia, nao wenzake wakampachika jina hilo kwa kumcheka. Alimaliza darasa la nane mwaka 1962, akiwa na mwandiko safi wa mkono wa kulia, na mazoea ya kuuweka wa kushoto mfukoni.

Alijifunza ufundi kwa baba yetu, na mwaka 1971 akafungua karakana yake nyuma ya ghala la nafaka, akichonga miiko na pawa za kuchotea mchuzi, daima mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa patasi aliishika kwa kushoto na hakutaka aonekane. Tarehe 14 Septemba 1974 alimwoa muuguzi, shemeji yangu aliyeketi hapa, wakajaliwa watoto watatu. Wateja walilalamika kwamba miiko yake haikwangui sufuria vizuri, naye aliwajibu kwa upole kwamba hawajui kupika.

Mwaka 2016, kazi ikiwa imedorora hata akafikiria kufunga, binti yake wa pili, ambaye hubuni nembo na tovuti, alikuja kumsaidia. Alipokuwa akipiga picha jikoni, kamera ikiwa mkono wa kulia, ilimbidi akoroge kwa kushoto, na mwiko ukakaa sufuriani kama uliozaliwa humo. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba marehemu, kwa kuipima kila kazi mkononi mwake, alikuwa amewachongea watu wa kushoto tangu siku ya kwanza bila kujua. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, akasema miaka yote hiyo alidhani mikono yake ndiyo mibovu.

Binti alipendekeza biashara iitwe Mashoto, na nembo iwe mkono wa kushoto. Marehemu alikasirika, jambo tusilolizoea.

"Jina nililochekwa nalo, mwanangu, leo unataka kunibandikia mlangoni?"

"Baba, mafundi bora wamejaa kila kona," binti akamjibu. "Mashoto ni wewe peke yako."

Wiki nzima aliendelea kuchonga mlango ukiwa umefungwa. Kisha asubuhi moja aliingia karakanani, akautandaza mkono wake wa kushoto juu ya karatasi ya binti yake, pamoja na kidole kimoja kilichopoteza kucha kazini, akasema, "Chora. Lakini usiupambe."

Tovuti ilifunguliwa tarehe 3 Machi 2017, nayo nembo ni mkono huohuo, kidole kile kikiwemo. Maagizo yalikuja kutoka kwa watu wa kushoto ambao hatukujua kwamba wapo wengi kiasi hicho. Mpishi mmoja wa hospitali aliandika kwamba kwa mara ya kwanza hakuloa mchuzi, na marehemu akamtaka binti amsomee tena, akisingizia miwani. Tangu hapo alifanya kazi mlango ukiwa wazi, akiwasalimu wapita njia kwa kupunga patasi.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu, usingizini. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, mmoja wao akiandika kwa kushoto, wala hakuna anayemkataza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliovumilia kelele za msumeno, na mafundi wenzake wawili, aliowaajiri maagizo yalipozidi, ambao watafungua karakana Jumatatu, kwani maagizo yapo.

Mdogo wangu, mikono yako yote miwili imetulia sasa, nawe pumzika kwa amani.